Mstari wa daladala: Kwa nini wa huyu umenyooka na wa yule umepinda?

Ukisimama stendi ya Makumbusho, Dar es Salaam, asubuhi watu wanapogombania magari, huna muda wa kusoma kila kibao. Unaangalia rangi. Daladala nyingi za Dar ni nyeupe, na ubavuni zina mstari mpana wa rangi unaokuonyesha gari ni la njia gani hata kabla konda hajafungua mdomo.

Sasa angalia tena, safari hii taratibu. Kuna Hiace ambayo mstari wake umetoka taa ya mbele hadi taa ya nyuma kama umechorwa kwa rula. Pembeni yake kuna nyingine: mstari umeanzia juu, umefika mlangoni ukashuka, halafu ukapanda tena nyuma. Rangi imevuja kwenye kingo. Ukisogea karibu unakuta kutu imeanza kutoka palepale mstari unapoishia.

Inawezekana kabisa magari hayo mawili yalipakwa rangi ya kopo moja. Kilichoyatofautisha ni kazi iliyofanyika kabla kopo halijafunguliwa.

Hivi ndivyo mstari ulionyooka unavyopigwa, na kwa nini huku pwani, kuanzia Tegeta na Bunju hadi Mapinga, Zinga na Bagamoyo mjini, kazi hiyo inataka umakini zaidi.

Mstari ni kazi, si urembo tu

Daladala zinasimamiwa na LATRA, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kuchukua nafasi ya SUMATRA. Gari linapewa leseni ya njia fulani, na mstari wa rangi ndio unaomsaidia abiria na trafiki kulitambua likiwa mbali. Gari likihamia njia nyingine, mstari wa zamani unafutwa, mpya unapigwa.

Majirani nao wana mistari yao. Kenya, kanuni zilizoanza kutumika Februari 2004 chini ya aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, zililazimisha matatu kuwa na mstari wa njano unaozunguka gari. Uganda, teksi za abiria ni nyeupe zenye mkanda wa vijisanduku vya bluu. Kote huko, mstari ni kitambulisho.

Kwa mwenye gari, hesabu ni rahisi. Siku gari likilala gereji, bosi hapati hesabu yake, na dereva na konda wanarudi nyumbani mikono mitupu. Mstari ukiharibika ukarudiwa, hiyo ni siku nyingine imekwenda. Kwa hiyo kazi ya fundi rangi inagusa mifuko ya watu watatu kwa wakati mmoja.

Unyooke kwa kufuata nini?

Hapa ndipo wengi wanaanza kukosea. Fundi anayeanza anaweza kudhani mstari ulionyooka ni ule unaokubaliana na pima maji. Kwenye ukuta wa nyumba, sawa. Kwenye gari, hapana.

Gari halijasimama kwenye sakafu iliyosawazishwa. Limesimama kwenye mchanga wa gereji, tairi moja ina upepo pungufu, springi za nyuma zimechoka. Ukipiga mstari kwa pima maji, siku gari likisimama kwenye lami mstari utaonekana umeinama.

Jicho la mtu linalinganisha mstari na vitu vilivyo karibu nao: ukingo wa chini wa madirisha, vitasa vya milango, na ule mkunjo uliotengenezwa kiwandani kwenye bodi. Mstari ukienda sambamba na ukingo wa dirisha, jicho linasema umenyooka. Ukiachana nao hata kwa sentimita moja, jicho linashtuka.

Kwa hiyo fundi anachagua kwanza mstari wa kuufuata, mara nyingi ukingo wa madirisha. Kisha anapima kwa futi kutoka ukingo huo kwenda chini, kipimo kilekile, kila baada ya sentimita 30 hivi, na kuweka alama ndogo ya penseli au chaki. Hiace nyingi zina urefu wa kati ya mita 4 na nusu na 5, kwa hiyo hizo ni alama zisizopungua 15 kila upande. Coaster ndefu hufika karibu mita 7.

Kuna tahadhari moja. Magari mengi ya abiria yameshagongwa na kunyooshwa, na mengine yamejazwa pati. Mkunjo wa kiwandani unaweza kuwa umehama. Ndiyo maana fundi makini hupima kutoka sehemu mbili, juu kwenye dirisha na chini kwenye ukingo wa bodi. Vipimo viwili vikigombana, anajua bodi ndiyo imepinda, na hapo anaamua kwa jicho.

Upande wa kushoto wa Hiace una mtego wake: mlango wa kusukuma na reli yake kwenye ubavu wa nyuma. Mstari ukiangukia palepale kwenye reli, utakatika vibaya na kuchubuka kila mlango unapofunguliwa. Ni bora kuupandisha au kuushusha kidogo, ili mradi upande wa kulia nao ufuate kipimo hichohicho.

Somo kutoka kwa waundaji wa vyombo

Watu wa pwani hawakuanza jana kutafuta mstari mnyoofu. Maseremala na waundaji wa majahazi na mashua wana njia yao ya zamani: kupiga ngeu. Uzi unapakwa ngeu, yaani udongo mwekundu, unavutwa ukaze kati ya ncha mbili za ubao, kisha unanyanyuliwa katikati na kuachiwa. Pa! Mstari umebaki kwenye mbao, umenyooka kuliko mkono wowote unavyoweza kuchora.

Kwenye ubavu wa gari uzi huo unasaidia, lakini una mipaka. Bodi ya gari ina mbinuko, na uzi uliokazwa unagusa pale palipotuna na kuelea pale palipobonyea. Mafundi wanaweza kuutumia kuangalia tu: uzi unavutwa kutoka mbele hadi nyuma, kisha alama za penseli zinalinganishwa nao. Alama iliyotoka nje ya msafara inaonekana mara moja.

Tepu ilizaliwa gereji

Baada ya alama, zamu ya tepu. Ile tepu ya karatasi ya rangi ya krimu inayouzwa kila duka la vifaa ina historia inayohusu mafundi rangi moja kwa moja.

Miaka ya 1920 nchini Marekani, magari ya rangi mbili yalikuwa ndiyo fasheni. Mafundi walifunika upande mmoja kwa magazeti na karatasi zilizobandikwa gundi kali, kisha wakapaka upande wa pili. Wakibandua, rangi mpya inatoka na karatasi. Kazi inarudiwa. Richard Drew, kijana wa kampuni ya 3M iliyokuwa ikitengeneza msasa, aliwaona mafundi wakihangaika na tatizo hilo kwenye gereji za mji wa St. Paul. Mwaka 1925 akaja na jibu: karatasi yenye mikunjo midogo inayoweza kuvutika, na gundi inayoshika bila kung'ang'ania.

Kwa maana nyingine, tepu hii ilitengenezwa kwa ajili ya kazi hii hii.

Hatua kwa hatua

*Kwanza, osha.* Bodi ioshwe kwa sabuni na maji baridi ya bomba au kisima kisicho na chumvi. Gari linalolala karibu na bahari hubeba chumvi usioiona. Baada ya kukauka, futa kwa kitambaa safi chenye thina kidogo ili kuondoa grisi na polishi. Polishi ikibaki, rangi hukimbia na kuacha vitundu vya duara kama macho ya samaki.

*Pili, kwaruza.* Msasa wa maji namba 400 hadi 600 unatosha, na upigwe pale tu mstari utakapopita. Rangi haishiki kwenye sehemu inayong'aa. Mstari unaobanduka kama ganda la yai baada ya miezi michache mara nyingi ulirukwa hatua hii.

*Tatu, bandika tepu.* Hapa ndipo mstari unapozaliwa. Bandika ncha moja, kisha fungua tepu ndefu, mita moja na nusu au zaidi, ivute ikaze kidogo bila kuirefusha. Usiangalie kidole chako. Angalia alama ya mbele unakokwenda, halafu ishushe tepu yote kwa pamoja kwenye bodi. Fundi anayebandika kidogokidogo huku akikandamiza kwa kidole hupata mawimbi, kila kidole na wimbi lake.

Usiikandamize bado. Rudi nyuma hatua sita au saba, angalia. Kisha nenda mbele ya gari, inama hadi jicho liwe usawa wa tepu, fumba jicho moja, uangalie kama mtu anayepima ubao. Kasoro ambayo huwezi kuiona ukiwa ubavuni itajitokeza hapo. Inua, rekebisha, rudia. Tepu ni rahisi. Rangi siyo.

Kwenye kona na mbinuko mkali, tepu nyembamba ya plastiki hupinda vizuri zaidi na kuacha ukingo safi. Wengi huibandika hiyo kwanza kwenye ukingo wa mstari, kisha tepu ya karatasi na magazeti vikafuata nje yake ili kufunika bodi iliyobaki.

*Nne, ziba kingo.* Ukisharidhika, pitisha ukucha au kitambaa kwenye ukingo wa tepu ili ushike. Kuna ujanja mmoja unaozuia kuvuja: paka kwanza safu nyepesi ya rangi ya gari lenyewe, yaani nyeupe, kwenye ukingo wa tepu. Kama kuna upenyo, nyeupe ndiyo itakayoingia na kuuziba, na juu ya nyeupe haionekani. Ikikauka, paka rangi ya mstari.

*Tano, paka nyepesi mara mbili.* Safu moja nene huvuja, huchelewa kukauka na huacha tuta unalolisikia kwa kidole. Safu mbili nyepesi hukaa muda mrefu.

*Sita, bandua kwa wakati.* Usisubiri rangi iwe ngumu kabisa, maana itavunjika na tepu na kuacha ukingo wenye meno. Ikishaacha kunata ukigusa, anza kubandua. Kunja tepu ijirudie yenyewe, ivute taratibu huku ukiielekeza mbali na mstari.

Wembe ndio adui

Kuna kosa dogo ambalo pwani linageuka kuwa kubwa. Tepu ikifika kwenye upenyo wa mlango, fundi anatoa wembe na kuikata palepale juu ya bodi. Haraka, inaonekana safi, gari linaondoka.

Lakini wembe haukati tepu peke yake. Unapita kwenye rangi hadi kwenye bati. Mkwaruzo huo ni mwembamba kiasi kwamba hauonekani, ila hewa yenye chumvi na unyevu inauona. Kutu inaanza chini ya rangi, na baada ya muda mstari wako mzuri unapata kivuli cha kahawia pembeni. Hapo tena si suala la mstari, ni suala la fundi bodi.

Njia salama ni kuikata tepu kabla ya kuibandika, au kuichana kwa mkono, au kuikunja iingie ndani ya ukingo wa mlango. Mlango wenyewe ufunguliwe na ncha zimaliziwe kwa ndani. Tepu isivuke upenyo kama daraja, kwa sababu rangi itapita chini yake.

Kwa mkono, bila tepu

Mstari mpana wa njia hupigwa kwa tepu. Mistari myembamba ya urembo, ile ya milimita 2 au 3 inayofuata ubavu wa gari dogo au tangi la pikipiki, ina mafundi wanaoipiga kwa brashi tu.

Brashi yake si ya kawaida. Nywele zake ni ndefu na laini, mara nyingi manyoya ya kindi, zimekatwa mshazari zikapata umbo kama jambia. Urefu huo una kazi mbili: kubeba rangi nyingi ili mstari usikatike njiani, na kulala juu ya bati ili mtetemo wa mkono usifike kwenye ncha. Ukikandamiza, mstari unanenepa. Ukilegeza, unakonda.

Siri iko kwenye mwili. Vidole vinashika brashi na kubaki kimya. Kidole kidogo kinagusa bodi kama mkongojo, au kinateleza kwenye tepu iliyobandikwa pembeni kama reli. Kinachosogea ni bega na miguu. Na rangi ichanganywe hadi iteleze bila kuchuruzika. Mazoezi hufanywa kwenye kioo, kwa sababu kioo kinafutika.

Hii si kazi iliyopitwa na wakati. Rolls-Royce, kwenye kiwanda chake cha Goodwood, Uingereza, bado hupiga mstari wa ubavuni kwa mkono na brashi ya manyoya. Na kwa asiye na mkono wa brashi, tangu miaka ya 1930 kumekuwepo kifaa kama bomba dogo lenye gurudumu mdomoni. Kinajazwa rangi, kinasukumwa kando ya reli ya sumaku au tepu, na gurudumu linaacha mstari wa upana uleule mwanzo hadi mwisho. Ukibadilisha gurudumu, upana unabadilika.

Saa na upepo

Huku pwani, muda wa kupaka ni sehemu ya ufundi. Alfajiri bodi ina umande. Mchana bati linachoma mkono, rangi inakauka kabla haijatandaa na gundi ya tepu inabaki kwenye bodi. Alasiri upepo wa baharini unaleta vumbi na mchanga kwenye rangi mbichi.

Dirisha zuri ni asubuhi, umande ukishakauka na upepo haujaamka. Kivuli ni lazima, lakini kivuli cha mwembe kina majani, utomvu na ndege. Paa la mabati au turubai ni salama zaidi.

Siku za masika, hewa ikiwa nzito kwa unyevu, rangi inayokauka haraka inaweza kupauka na kuwa na ukungu kama imemwagiwa maziwa. Sababu ni thina: ikiruka hupooza bati, na unyevu wa hewa unatua juu ya rangi mbichi. Fundi anayemwambia bosi "tusubiri kesho" siku kama hiyo anamwokolea pesa.

Vipi kuhusu stika?

Leo unaweza kukata mstari mzima wa stika kwa mashine na kuubandika kwa saa chache. Kingo zake ni safi, haina harufu ya thina, na gari likibadili njia unaibandua. Kwa haraka, inashinda.

Udhaifu wake ni jua na chumvi. Stika ya bei rahisi hupauka, husinyaa na kuinuka kwenye kona, na maji yenye chumvi hujificha chini yake. Ikichanika sehemu moja, kipande kipya kitakuwa na rangi tofauti na cha zamani. Mstari wa rangi ukichubuka, unakwaruzwa na kupakwa palepale. Na kumbuka: stika nayo inahitaji alama, vipimo na jicho. Fundi asiyejua kupima atapinda stika kama anavyopinda rangi.

Usisahau mapafu

Rangi za gari zinazochanganywa na dawa ya kukaushia mara nyingi huwa na kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo zikipuliziwa na kuvutwa zinaweza kuleta pumu ya kudumu. Kitambaa puani hakizuii. Rangi za zamani za njano na nyekundu nazo mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi, kwa hiyo kuukwaruza mstari wa zamani kwa msasa mkavu ni kuvuta sumu. Tumia msasa na maji, vaa barakoa yenye vichujio, na watoto wasicheze jirani.

Kabla hujamlipa fundi

- Simama mbele ya gari, inama, fumba jicho moja, fuata mstari hadi nyuma.
- Pima kutoka dirishani hadi kwenye mstari mbele, katikati na nyuma. Namba zifanane.
- Fanya hivyohivyo upande wa pili. Pande zote mbili zilingane.
- Fungua milango. Angalia kama kuna mikwaruzo ya wembe kwenye kingo.
- Pitisha kidole juu ya mstari. Usisikie tuta wala mchanga.
- Na kabla hata hujanunua rangi, uliza ofisi ya LATRA rangi sahihi ya njia yako. Mstari ulionyooka wa rangi isiyo yako utafutwa tu.